Demareji ilivyotembea na mimi naiangalia

Hili neno nimelilipia dola 895, kwa hiyo naona nina haki ya kulizungumzia. Kuna watu wamesoma Kiingereza mpaka digrii hawajawahi kukutana nalo, mimi niliyeishia S.4, kidato cha nne, nalijua mpaka babu yake, na jinsi nilivyofika kwa huyo babu ndio stori yenyewe.

Nauza vifaa vya maji hapa Kampala, upande wa Ndeeba. Mabomba, koki, masinki, vyoo. Duka si kubwa lakini linalisha watu. Kiswahili changu msikishangae, nimezaliwa kambini Jinja, mzee wangu alikua mwanajeshi, na kambini watoto wote tulikua tunacheza kwa Kiswahili, awe Mlugbara awe Mwacholi awe Mteso, nyumbani kila mtu na lugha yake lakini ukitoka nje ya mlango ni Kiswahili. Mjini ndio ilikua shida. Enzi zile ukifungua mdomo na Kiswahili ndani ya teksi mama wa pembeni anashika mkoba wake, anajua wewe ni askari au ni mwizi, na kwa wengi hao walikua mtu mmoja. Saa hii serikali inataka kifundishwe mashuleni, baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022, sawa, tumechelewa lakini sawa. Mimi kwenye biashara ya kontena Kiswahili ndicho kilinifungulia mlango wa Mombasa, na ni hicho hicho kikanibana vidole kwenye huo mlango.

Mwaka 2017 mimi na wenzangu wawili tulichoka kununua kwa wakubwa wa Kikuubo, soko la jumla la hapa Kampala, tukachanga pesa tukaagiza wenyewe kutoka China, kontena moja la futi 20, ndani vyoo vya kukalia, masinki na koki. Hivi vyoo vya kukalia mvikumbuke, nitavirudia. Ajenti wa kutoa mzigo tulipewa namba yake na jirani, mtu wa Mombasa, sauti ya upole, mimi namwita Sheikh na yeye aliposikia Kiswahili changu cha kambini kwa simu akacheka sana akaanza kuniita Afande, mpaka leo sijui kama jina langu analijua.

Meli ikafika mwisho wa Septemba. Sasa mwaka ule mnaukumbuka, Kenya walipiga kura Agosti, tarehe 1 Septemba mahakama ikafuta uchaguzi wa rais, ikabidi warudie tarehe 26 Oktoba. Sisi wa huku uchaguzi wa Kenya unatuuma kuliko unavyowauma wenyewe, kwa sababu kila kitu chetu kinapita kwao, ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mombasa mpaka hapa, na watu walikua hawajasahau Januari 2008 reli ilivyong'olewa pale Kibera na huku petroli ikawa bei ya dawa. Alafu kuna mambo ya kodi, tangu 2014 ule utaratibu wa forodha ya pamoja ulipoanza, kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, unailipa mzigo ukiwa bado Mombasa, sio kama zamani unaletewa kontena mpaka mlangoni ndio mnaanza kukuna vichwa. Na mwenzetu mmoja pesa yake ya kodi ilikua haijapatikana, kila siku kesho. Na dola ilikua juu. Nikapiga hesabu zangu, nikaona kwanini nihangaike, bandari ina ukuta, ina askari, ina taa usiku kucha, stoo yangu haina hata kimoja cha hivo, acha vitu vikae pale mpaka kura ziishe na dola ishuke. Nikajiona mjanja sana. Haraka haraka haina baraka, nilimwambia mwenzangu hivo hivo kwa mdomo wangu.

Siku ya Jumatatu Sheikh akanipigia. Akasema, Afande, siku za bure zakwisha, Jumatano demareji yaanza kutembea, nifanyeje?

Nikamjibu, hakuna shida Sheikh, iache itembee.

Naapa ndio nilivyojibu. Akanyamaza kidogo, akasema haya, mzigo ni wako, tukaagana vizuri.

Mnataka kujua nilielewa nini? Sikuelewa kitu lakini sikutaka ajue sijaelewa, maana ndio kwanza naingia kwenye ligi ya waagizaji, na mwagizaji gani anauliza maana ya maneno? Kichwani kwangu nikamchora huyo Demareji, mzee fulani wa forodha, kofia kichwani, daftari kwapani, anatembea tembea kati ya makontena anakagua kama kufuli ziko sawa. Nikaona ni jambo jema. Atembee tu mzee wa watu, kwani miguu yangu?

Akatembea siku 23.

Kodi tulimaliza kulipa uchaguzi umeshapita, kontena likatoka mwanzoni mwa Novemba, na kabla halijatoka ikaja bili ya kampuni ya meli, mstari mmoja katikati umeandikwa kwa herufi kubwa, DEMURRAGE, siku 7 za kwanza dola 25 kwa siku, siku 16 zilizobaki dola 45 kwa siku, jumla 895. Kwa shilingi za Uganda za wakati ule ni zaidi ya milioni tatu. Faida yetu yote ya koki ilikua imelala pale kwenye huo mstari.

Nikamwita mpwa wangu, yuko chuo, anasoma mambo ya utawala, nikamwonyesha simu. Akaangalia, akakunja uso kama daktari, akasema mjomba hii ni damage, wameiandika Kiingereza cha zamani, inamaanisha mzigo wako umeharibika. Wallahi nikaamini. Kwanza ikaingia akilini kabisa, dem, dem, damage. Nikaona vyoo vyangu viko vipande vipande na mzee mwenye kofia amesimama juu yake. Nikampigia Sheikh kwa hasira zote za kambini.

"Sheikh, vimevunjika vingapi?"

"Nini?"

"Vyoo! Wamevunja vingapi mpaka nilipe mimi dola mia tisa, vitu wamevunja wao alafu nalipa mimi?"

Yule mtu alicheka mpaka simu ikawa inakwaruza. Alafu akaniuliza swali moja ambalo bado linaniuma kuliko bili, akasema kwa upole wake ule, Afande, siku ile nilipokwambia, mbona hukuniuliza?

Sikua na jibu. Nikasema nilidhani ni mtu.

Akanielezea pole pole na ndio mara ya kwanza mtu ananielezea biashara yangu mwenyewe. Akasema, ile sanduku ya chuma si yako, wewe yako ni vilivyomo ndani, sanduku ni la mwenye meli na yeye analitaka lirudi likabebe mzigo mwingine, kama viti vya kukodi vya harusi, harusi ikiisha hurudishi ukakalia wewe na watoto wako sebuleni basi utalipa. Akasema wanakupa siku za bure, zikiisha unaanza kulipa kwa kila siku sanduku likibaki bandarini, na bei inapanda kadiri unavyokaa, hiyo ndio demareji. Ukishalitoa bandarini ukachelewa kulirudisha tupu, hapo ni hesabu nyingine, inaitwa ditensheni. Na bandari nayo ina yake, kodi ya kuwekea mzigo kwenye uwanja wao, hiyo inaitwa storeji na haiendi kwa mwenye meli. Kwa hiyo sehemu moja umelala, watu wawili wanakuhesabia. Kuna kampuni zinaunganisha hizo mbili za sanduku kwenye bili moja, ndio maana wafanyabiashara wengi huku kwetu wanaziita zote "demareji" na kulaani kwa pamoja.

Nikamuuliza, sasa Jumapili na sikukuu je? Akasema kuna usemi wa watu wa meli, ukishaingia kwenye demareji umeshaingia, kwenye zile meli nzima za kukodi ndio kabisa, mkataba unakupa siku za kupakia na kupakua, na siku hizo mnaweza kukubaliana Jumapili isihesabiwe, lakini zikishapita, saa inatembea Idi, inatembea Krismasi, inatembea mvua ikinyesha. Na ukimaliza mapema kuliko siku ulizopewa, mwenye meli mara nyingi ndiye anakulipa wewe, kwa kawaida nusu ya kiwango cha demareji. Hapo nikauma meno. Kumbe kuna watu wanalipwa kwa kuharakisha!

Alafu akasema kitu ambacho kama angekisema ile Jumatatu ningekua na dola 895 zangu. "Afande, wewe ni Mswahili au si Mswahili? Mgeni siku mbili, ya tatu?"

Nikasema, mpe jembe.

"Basi jembe ndilo hilo umepewa."

Hapo pesa tulilipa, mwenzetu wa kodi za kesho kesho akakubali kubeba nusu, mambo yakaisha. Kwa mtu mwenye akili timamu yangeishia hapo. Lakini mimi lile neno liligoma kutoka. Nilikua najiuliza kwa nini wasiite "faini ya kuchelewa" kila mtu aelewe, kwanini waende kuchimba neno ambalo hata mpwa wangu wa chuo halijui, nikaona ni ujanja wa kuficha, kama zile herufi ndogo ndogo za mkopo.

Nina mteja Mkongo, anatoka Butembo, Mnande, wale jamaa wanajaza malori hapa Kampala wanavuka nayo mpaka Kivu, ni wafanyabiashara hasa, namwita Papa na yeye ananiita Papa. Siku moja anasubiri vijana wafunge masinki yake, nikamwonyesha ile bili, nilikua naitembeza kama picha ya mtoto. Hakutumia hata dakika.

"Papa, hii neno haiko ya Kingereza. Iko ya kwetu, ya Kifaransa. Demeurer. Ni kusema kubakia, kuikala. Pahali mutu anaikala, ni ile anademeurer."

Nikamwambia rudia. Akarudia. Kuikala kwao ni kukaa kwetu.

Nikacheka peke yangu kama mwehu, maana nimewaambia mzigo ulikua nini? Vyoo vya kukalia. Vyoo vya kukalia vimekaa mpaka vikalipishwa kukaa! Papa hakuona kinachochekesha, masinki yake yalikua yanafungwa vibaya.

Lakini lile jibu ndilo lililonipeleka kwenye kamusi. Kwenye simu kuna kila kitu, najua, ila nilinunua kamusi ya karatasi, ya mtumba, kwa wale wanaotandika vitabu chini karibu na Nasser Road, shilingi 15,000, jalada halina lakini D ilikuwepo yote. Papa alikua sahihi. Kiingereza kimelitoa Kifaransa cha zamani, neno demorage, kutoka demorer ambalo ndio hilo demeurer la leo, na Kifaransa kimelitoa Kilatini, demorari, na ndani kabisa ya demorari kuna kaneno kadogo, mora. Kuchelewa. Ndio babu mwenyewe huyo, herufi nne tu. Kwenye Kiingereza limekua likitumika na watu wa meli tangu karne ya 17, kwa hiyo sio kwamba mtu alilificha ili anile mimi, lilikuwepo kabla Kampala haijawa mji.

Kuna jambo hapa lilinikaa kichwani siku nyingi. Angalieni safari ya hilo neno. Kwa Waroma ni kuchelewa. Kwa Wafaransa likalegea likawa kubaki, likalegea zaidi likawa kuishi mahali. Mtu aliyechelewa kuondoka mpaka akawa mwenyeji. Alafu angalieni Kiswahili, sisi "kukaa" yetu inabeba hayo yote bila hata kubadilisha nguo: nakaa kwenye kiti, nakaa Ndeeba, mbona umekaa sana huko, chakula kimekaa. Kwa hiyo watu wawili ambao hawakuwahi kukutana walitembea njia ile ile na kufika nyumba ile ile. Waganda nao, nilimwelezea mama mmoja wa duka la jirani kuhusu bili akasema, ah, ssente z'okulwawo, pesa za kukawia, akarudi kwenye mahindi yake, neno lililonisumbua wiki mbili yeye kalimaliza kwa sekunde mbili.

Na mora ana ukoo mkubwa. Kuna "demur", kusita, kutia pingamizi. Kuna "moratorium", hili wengi tulilisikia 2020 wakati wa korona, benki kuu iliporuhusu mabenki kuwapa nafuu wenye mikopo kuanzia Aprili mwaka ule, afisa wa benki yangu akaniambia naweza kuomba moratoriamu, na mimi kwa mara ya kwanza maishani neno la Kiingereza likanikuta niko tayari. Nikamwambia naijua hiyo familia. Akaniangalia. Nikamuuliza na riba inatembea au imesimama? Maana nilishajua kuuliza nini kinatembea. Riba ilikua inatembea.

Lakini ndugu wa mora ninayempenda zaidi ni samaki. Kwenye ile kamusi, kule kwenye R, kuna "remora", ni samaki mwenye kibandiko kichwani, pezi la mgongoni limegeuka likawa kama soli ya kandambili yenye mistari, anajibandika kwa papa, kwa kasa, hata kwenye matumbo ya meli, anasafiri bure. Waroma walimwita hivo kwa sababu waliamini anachelewesha meli. Wagiriki nao walimwita echeneis, yaani mshika chombo. Mroma mmoja anaitwa Pliny, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, ameandika kabisa kwamba kwenye vita vya Actium, mwaka 31 kabla ya Kristo, samaki wa namna hiyo aliishika meli ya jemadari Antonius mpaka mkubwa akahamia meli nyingine, na kwamba alimsimamisha mfalme Caligula kwenye chombo chenye wapiga makasia 400. Samaki urefu wa mkono! Ni uongo lakini ni uongo mzuri, na mimi ambaye kontena langu lilishikwa na karatasi sina haki ya kucheka.

Hii ya samaki nilikaa nayo mpaka Sheikh alipokuja Kampala, 2019, kufuatilia wateja wake wenye madeni, nikampeleka Ggaba kula samaki pembeni ya ziwa. Alidharau kidogo ngege wetu, watu wa pwani ndio walivyo, samaki wa maji baridi kwao ni kama mgonjwa, ila alimmaliza mpaka kichwa. Nikaanza kumpa hadithi ya mora, yeye mtu wa demareji kila siku ya Mungu lakini hakujua neno limetoka wapi, akawa anasikiliza huku anachomoa miiba, nilipofika kwenye samaki mwenye kibandiko akaacha kula.

"Huyo ni chazo!"

"Chazo ni nini?"

Akaniambia babu yake mzaa mama alikua mvuvi, na wazee wa zamani wa pwani walikua wanamtumia chazo kukamata kasa. Unamfunga kamba mkiani, unamweka kwenye maji mtumbwini, ukiona kasa unamwachia chazo aende. Yeye hajui kuwinda, anajua kujibandika tu. Akishajibandika kwenye gamba unavuta kamba taratibu, huachii, hukazi sana, na kasa mzima anakuja na mtumbwi. Saa hii ni marufuku, kasa wanalindwa, ukikamatwa unafungwa. Lakini samaki yupo na jina lipo.

Tukanyamaza wote wawili. Alafu akasema, kwa hiyo Afande, hiki kitu tunachowatoza watu kila siku, jina lake na jina la chazo ni ndugu? Nikasema ni ndugu wa damu, mora kwa mora. Akacheka, akasema basi kuanzia leo wateja wangu sugu nitawaambia mna chazo. Sijui kama alifanya. Lakini mimi ile saa nilijisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia shuleni, kwamba nimempa mtu wa bahari kitu cha bahari, mimi mtoto wa kambi ya Jinja.

Nyingine fupi halafu nawaachia. Lile neno wachumi nao wamelichukua wakalivisha pesa. Huko Austria kuna mji mdogo unaitwa Wörgl, mwaka 1932 hali ilikua mbaya, kazi hakuna, meya wao Michael Unterguggenberger akatoa noti za mji wenyewe, na kila noti kila mwezi lazima ubandike stempu ya asilimia moja ya thamani yake la sivyo haifanyi kazi. Yaani pesa ikikaa inalipishwa kukaa. Hakuna mtu aliyetaka kuzishika, zikawa zinazunguka kama mpira, wakatengeneza barabara, wakajenga daraja, mpaka mwaka 1933 benki kuu ya nchi ikapiga marufuku. Na hiyo tozo ya pesa iliyolala inaitwa demareji, neno lile lile. Nilipoisoma hii nilimkumbuka yule mimi wa Oktoba 2017, amekaa dukani Ndeeba anasubiri dola ishuke. Dola haikushuka.

Mpwa wangu wa "damage" alimaliza chuo mwaka juzi, akaja kwetu kukaa siku chache akitafuta kazi. Siku chache ikawa wiki, wiki ikawa tatu. Kijana mzuri, lakini anaamka saa tano, anakunywa chai ya watu wawili, anauliza wai-fai. Mke wangu hana maneno mengi. Jioni moja tunakula, kijana anajiongezea posho, yaani ugali, mama wa nyumba akamwambia bila hata kuinua macho, "Mjomba wako hajakwambia? Demareji imeanza kutembea tangu Jumatano."

Kijana akaniangalia. Mimi nikaangalia sahani.

Asubuhi yake saa kumi na mbili na nusu nikasikia maji nyuma ya nyumba, nikachungulia dirishani, nikamkuta anafua mapazia.